Picha ya Tende

Elimringi, muuza viatu wa Kariakoo, alijifanya anachezea simu, lakini masikio yake yote yalikuwa benchi la mbele. Kwake yeye, nauli ya pantoni la Magogoni ililipia na mazungumzo ya watu.

Dada mmoja mwenye fulana mpya ya kampuni ya mawakili alikuwa akimwonyesha picha mama aliyevaa buibui, jirani yake wa benchi tu. "Tumepata cheti, mama! Kampuni inayojali jamii na mazingira. Wakaguzi walitoka nje ya nchi kabisa."

"Ofisi yenu si ile ya Msimbazi, juu ya duka la vitenge?"

"Hiyohiyo! Na picha hii ndiyo iliyowagusa. Hapo ni mwezi wa Ramadhani, tunawagawia majirani tende."

Mama akaivuta simu karibu na macho. Akaikuza kwa vidole viwili, mpaka Elimringi akasahau kujifanya anachezea simu.

"Huyo anayepokea boksi, mtazame vizuri. Halafu nitazame mimi."

Dada akatazama. Tabasamu likamwisha.

"Siku ile sikufuata tende, mwanangu. Nilipanda ofisini kwenu kuwaomba mliondoe jenereta lenu dirishani kwangu, mume wangu ana pumu. Mkanipa boksi, mkaniambia nitazame kamera."

"Mama, mimi nimeajiriwa juzi tu..."

"Na jenereta liko palepale."

Pantoni likagusa gati la Kigamboni. Watu wakainuka, dada hakuinuka.

"Nirushie hiyo picha," mama akasema, akitoa simu yake. "Mume wangu kila siku ananiuliza mlinijibu nini."