Kiti cha Ovaloki: Maisha ya Candida Kokugonza Rwegoshora

Tuliopo hapa Magomeni, nyumbani kwa marehemu, ni binti yake Euphrasia, Mzee Abdulswamad Mbaruku aliyekata vitambaa pamoja naye, Bibi Chiku wa pasi, paroko msaidizi, majirani, na mimi Tarsis Rwegoshora, kaka yake mkubwa, niliyeombwa kusoma. Mwenyekiti wa Chama cha Washonaji wa Baraza, Bwana Basil Ngatunga, hayupo, ametuma shada la maua.

Candida alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 3 Februari 1952, akasoma huko hadi darasa la saba, mwaka 1972 akaja Dar es Salaam kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na tarehe 14 Agosti 1976 akafunga ndoa na Wilbert Mutashobya, karani wa bandarini, aliyefariki mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, Euphrasia.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1986, alinunua mashine kuukuu ya ovaloki, akaketi barazani Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, ambako Abdulswamad alikata, wengine wakaunga, yeye akafunga kingo za vitambaa kwa ovaloki zisifumuke, Mwanamkuu Selemani akatia vifungo, Chiku akapiga pasi, na sare ya shule ikakamilika bila kuvuka barabara. Walianzisha chama, na Candida ndiye aliyeshikilia kanuni yake ya kwanza, kwamba mtu wa vifungo akiondoka, kiti chake apewe mtu wa vifungo, na wa ovaloki vivyo hivyo, kwa sababu kiti kimoja kikipotea, baraza zima linakosa kazi.

Mwaka 2022 Mwanamkuu alifariki, na Bwana Ngatunga akampa mpwa wake kiti kile, auze makava ya simu. Candida alisimama mkutanoni kupinga, Bwana Ngatunga akamwambia, "Mama, tulia, siku hizi kila mtu apambane na hali yake," naye akamjibu, "Sawa, mwanangu, basi vua hilo shati, limepita kwa watu watano, uende nyumbani kifua wazi." Watu walicheka, lakini kiti hakikurudi. Mashati yakawa yanapelekwa mitaa ya mbali kutiwa vifungo, yakachelewa, shule zikahamia kwenye sare za kontena zitokazo nje, washonaji wakaondoka mmoja mmoja, kisha chama kikatangaza kwamba biashara imeshuka. Ilishushwa, na aliyeishusha nimekwisha kumtaja.

Mwezi Machi mwaka huu Candida alilazwa kwa maradhi ya figo, akamwomba Euphrasia, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha ovaloki, akae pale ili kiti kisipotee. Euphrasia alikaa hadi chama kilipomwondoa, na mashine ikatupwa kando ya barabara.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa barazani walioifunika mashine ile isinyeshewe. Shada la maua litarudishwa kwa aliyelituma. Dada yangu, umefanya kazi ya kutosha, sasa lala.

Kiti cha ovaloki kiligawiwa kwa mtu mwingine Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Candida alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025.