Lete Nione na Dinari Zenye Makovu

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na ninyi wawili watatu mliokaa nyuma kabisa ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuniambia msiba huu mmeujia kwa undugu gani, kwa niaba ya ukoo nawakaribisha wote, na naomba utulivu wenu nisome historia ya kaka yetu mpendwa, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Lete Nione, jina alilobandikwa kazini kwake kwa sababu hakuna habari aliyoipokea, iwe njema au mbaya, kabla ya kunyoosha mkono na kusema, "Lete nione." Mimi ni dada yake, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na haya nitakayoyasoma nimeyahakiki mwenyewe, maana yeye asingekubali yasomwe vinginevyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, alfajiri, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya tangi la maji, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu wa baba yetu, mpima mizigo wa stesheni, na mama yetu, mkunga. Kazi ya baba ilikuwa kutowaamini watu waliosema gunia lao halijazidi uzito, akaifanya kwa moyo wote mpaka mezani, na mama alipenda kusimulia kwamba huyu mwanawe wa pili alipowekwa titini kwa mara ya kwanza alilitazama kwanza, kisha ndipo akanyonya.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1968, akifaulu vizuri isipokuwa somo la historia, kwa kuwa siku walipofundishwa habari za makaisari wa Roma alisimama akauliza ni nani aliyewaona, mwalimu akamtoa nje, naye akakaa kwenye ngazi za darasa akiwa na hakika kwamba ametolewa kwa sababu mwalimu hakuwa na jibu. Tarehe 6 Januari 1969 alijiunga na chuo cha mafundi wa meno, akahitimu Desemba 1971.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya kuwa fundi wa meno ya bandia, katika karakana iliyokuwa mwisho wa ukumbi, ukishapita dobi, chumba chenye sinki moja, dirisha moja, na rafu zilizojaa vinywa vya plasta vya watu wa mji mzima, na humo alifanya kazi hadi alipostaafu kwa heshima tarehe 9 Februari 2011. Hakumruhusu mgonjwa aondoke na meno mapya kabla hajatafuna karanga mbele yake, na wapo mabibi humu ndani, sitawatazama, walioambiwa wakohoe, wacheke, wapige mluzi, na kisha warudi wiki ijayo.

Ilikuwa katika karakana hiyo, tarehe 17 Septemba 1974, ambapo daktari wa meno aliyekuwa mkubwa wake alirudi kutoka masomoni ng'ambo akamletea zawadi ya sarafu ndogo ya madini ya fedha, nyeusi, isiyo mviringo sawasawa, yenye uso wa Kaisari Tiberio, ile iitwayo dinari, ambayo daktari mwenyewe aliinunua kwa bei ya kutupa kwa kuwa ilikuwa na jeraha refu chini ya sikio la kaisari. Marehemu hakushukuru. Aliiweka kwenye mizani ya karakana, akaidondosha juu ya marumaru kusikiliza sauti yake, akaizungusha ukingo mzima chini ya lenzi akitafuta mshono, kwa maana yeye, aliyekuwa akimimina vyuma vya meno kila siku, alijua kwamba kitu kilichomiminwa kwenye kalibu huacha mshono, na mshono hakuuona. Ndipo alipoketi, na daktari alitusimulia baadaye kwamba hakuiweka chini mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Kumbe yupo mtu aliyemuona."

Lile jeraha ndilo lililomteka, na naomba mnivumilie nilieleze, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa kaka yetu wala lililotokea wiki hii. Zama zile za Roma walikuwapo matapeli, kama walivyopo sasa, waliochukua kipande cha shaba wakakivika ngozi nyembamba ya fedha, hivyo wavunja fedha wa sokoni, wakiitilia shaka sarafu, waliikata kwa patasi waone ndani, ikionekana shaba inatupwa, ikionekana fedha mpaka kiini inarudi sokoni na kovu lake. Wakusanyaji wengi duniani huzikimbia sarafu za namna hiyo, wanataka kaisari mwenye mashavu mazima, lakini marehemu aliagiza hizo tu, kutoka minada ya mbali, mwaka baada ya mwaka, na kila kifurushi alikifungulia kaunta ya posta mbele ya karani ili karani awe shahidi. Nilipomuuliza kwa nini anaagiza vilivyokatwakatwa, alinishika kidole, akaupitisha ukucha wangu kwenye kovu la Tiberio, akasema, "Hii imeshatiliwa shaka na watu wenye njaa kuliko mimi, ikapita. Hizo nyingine nani amezijaribu?" Kwa hiyo nyumbani mwake, katika chumba kidogo cha nyuma, kulikuwa na trei ya mbao yenye vitanda vya mahameli, na humo walilala akina Tiberio, Nero, Vespasiano na Domisiani, wote weusi kama masizi, wote na makovu. Na sheria ya chumba hicho ilikuwa moja, kwamba sarafu ya kale haisafishwi, ule weusi ndio cheti chake cha kuzaliwa, na sarafu ikimeremeta basi ama ni ya bandia, ama imepita mikononi mwa mpumbavu.

Tarehe 12 Agosti 1978 marehemu alifunga ndoa na wifi yetu, mshonaji wa mapazia, baada ya uchumba wa miaka minne ambao wao wawili waliutumia kuchunguzana, yeye akiuliza majirani wa binti kama binti huyo hupandisha sauti, na binti, tuliyekuja kugundua kwamba naye si haba, akimtaka afungue kinywa ili ahakikishe kwamba fundi wa meno ana meno yake mwenyewe. Mahameli ya ile trei aliishona wifi, kwa mkono, kila sarafu na kitanda chake. Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1981, leo ni mwalimu wa hesabu, ambaye baba yake alimpokea wodini kwa kulinganisha vidole vyake vya miguu na vya mtoto, kidole kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, kisha akalia kwa sauti hadi wauguzi wakaja kuuliza nani amekufa.

Mwezi Machi 2016 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, akataka kipimo kirudiwe, kikarudiwa, akataka kirudiwe kwa mashine nyingine, ikawa ni kile kile, na kuanzia mwaka 2020 ugonjwa ukamshambulia macho. Kufikia Januari mwaka huu wa 2023 alikuwa anatambua mwanga wa dirisha na vitu vinavyong'aa tu, kijiko, kitasa, saa ya ukutani, na kitu pekee nilichowahi kumsikia akikilalamikia ni kwamba makaisari wake wamemwacha, anawapapasa lakini hawaoni tena.

Alasiri ya tarehe 14 Aprili nilikuwa nimeketi miguuni pa kitanda chake, wifi akaingia na kitu kwenye kiganja, akanigeuzia mgongo, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo, akakiweka mkononi mwa mumewe. Kaka alikipapasa kwa dole gumba. Akakipapasa tena, ukingo mzima, nami moyoni nikasema hapa pana jambo, hawa wanagawana nyumba, na lisemwalo lipo. Kisha akakiinua kuelekea dirishani, akasema polepole, "Sasa namuona," akambusu mkewe mkono. Figo zilishindwa mwezi uliofuata, na marehemu akaaga dunia Jumamosi tarehe 3 Juni, saa tano na dakika arobaini asubuhi, katika hospitali ile ile aliyoitumikia, akiwa amemwomba muuguzi ampe aipapase sindano ikiwa bado kwenye karatasi yake.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo historia za wengine huishia, ila yetu sisi haiishi, kwani siku iliyofuata kaka yetu mkubwa aliifungua ile trei mbele yetu sote, na makaisari walikuwa wanang'aa kama vijiko vya harusi. Hamkuwapo, lakini fikirieni. Sisi ni ukoo wa mpima mizigo, hatujui kuamini, na siombi radhi kwa hilo, tukamtazama wifi. Ikakumbukwa kwamba mwezi Aprili alionekana na mkoba katika mtaa wa muuza vitu vya kale mmoja wa hapa mjini, na muuza vitu vya kale mwenyewe, ambaye yupo hapa leo, safu ya tatu, koti la kahawia, alikuwa ameshakuja kutoa pole mara mbili na mara zote mbili akauliza trei iko wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, tukaambiana, za kweli zimeuzwa, hizi ni za bandia. Wifi alijibu neno moja tu, "Nilizisafisha, ndugu zangu, basi," nasi tukacheka kicheko kibaya, nani ameona kitu cha miaka elfu mbili kikaoshwa kikawa kipya. Kaka mkubwa akabadilisha kufuli la chumba, kisha la mlango wa mbele, na mjane wa marehemu amelala siku nne hizi kwa jirani, akiomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwake kuchukua kanga.

Kikao cha ukoo kiliniagiza nimalizie usomaji huu kwa tangazo kwamba aliyezichukua sarafu za marehemu azirudishe kabla sheria haijamfuata. Nilikubali kulisoma. Lakini mimi ni dada yake Lete Nione, siwezi kutangaza nisichokiona, kwa hiyo jana mchana nilimwomba kaka mkubwa anifungulie chumba, nikachukua lenzi, nikapitisha ukucha chini ya sikio la Tiberio. Ukucha uliingia palepale ulipoingia tangu nilipokuwa msichana, ukakwama palepale, na chini kabisa ya kovu, mahali ambapo brashi haifiki, palikuwa na weusi wake wa zamani, na ndani ya herufi na kwenye nyuzi za mahameli palikuwa na unga mweupe ninaoujua, ule wa kung'arishia meno ya bandia, unaouzwa duka la vifaa vya meno katika mtaa huo huo wa muuza vitu vya kale. Nilizipitia zote, kovu kwa kovu. Kisha nikamwita muuza vitu vya kale azione, simwamini, lakini nilitaka kuutazama uso wake, naye alishika kichwa na kulia kuliko wafiwa wote, akisema ni zenyewe, na kwa wakusanyaji hazina thamani tena, na leo kwa mara ya kwanza naamini kwamba amefiwa.

Kwa hiyo tangazo langu ni hili. Hakuna aliyeiba. Wifi yetu, ambaye katika miaka arobaini na minne hakuwahi kuambiwa sheria ya chumba kile kwa sababu mumewe hakumwamini mtu kuingia humo na kitambaa, alichukua unga wa kazi ya mumewe akawasugua makaisari mmoja mmoja, ili mtu asiyeona tena isipokuwa vinavyong'aa apate kuwaona. Na kaka, aliyeitambua sarafu yake gizani kwa dole gumba, alijua pale pale kilichoharibika, alijua hakitarudi, na jambo alilolichagua kusema ni lile nililolisikia. Kaka mkubwa, ufunguo mpya uko mfuko wa ndani wa koti lako, upande wa kushoto, umekuwa ukiupapasa tangu nianze kusoma, naomba umkabidhi mwenye nyumba sasa hivi, kabla jeneza halijainuliwa, nasi sote tunangoja.

Ahsante, kaka.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, waliovumilia kuulizwa kila kidonge kimetoka wapi, unawashukuru mafundi wenzake wa karakana ya meno waliobeba jeneza, unamshukuru karani wa posta kwa ushahidi wa miaka mingi, na unawashukuru majirani, hususan jirani wa mlango wa pili aliyempa mjane kitanda tulipomnyima chake, ingawa bado hatujaelezwa ngazi yetu ya mbao ilifikaje uani kwake. Wa mwisho tunakushukuru wewe, wifi. Tumekutilia shaka, tumekukata kwa patasi mbele ya watu, na ndani tumekuta fedha mpaka kiini.

Lete Nione, kaka yangu, nimeleta, umeona. Pumzika kwa amani.