Utepe Nilioukaza

Sogeeni karibu, wanangu, mfunge mlango, nami niseme mara moja tu kwa sababu pumzi yangu siku hizi haina subira. Wewe binti yangu, weka chini hiyo kompyuta. Na wewe mtoto wa ndugu yangu, niliyekulea tangu baba yako afariki, acha kusimama huko kama mgeni. Kaa hapa kitandani, maana neno langu kubwa ni lako.

Mali haina mgogoro. Nyumba na malisho ya juu ni ya binti yangu, malisho ya bondeni ni yako kama yalivyokuwa ya baba yako. Zizi na josho mtatumia pamoja, na atakayemfungia mwenzake lango asije kulia kaburini kwangu. Hayo yamekwisha. Ninalotaka kusema ni juu ya ng'ombe wako thelathini na wawili wanaopakiwa kwenye lori Jumatatu kwenda machinjioni.

Binti yangu, wewe ndiwe uliyetuletea elimu hii ya vinasaba, nikakujivunia hadi watu wakanikimbia. Ulinieleza kwamba mnang'oa nywele za mkia, maabara wanasoma vinasaba, kompyuta inavilinganisha na vipimo vya miaka yote, kimo, urefu wa mwili, mzunguko wa kifua, na hapo ndama wa wiki moja, hata kukimbia hajajua, tayari unaambiwa atakuwa na kifua gani akikomaa. Na vipimo hivyo vilitoka wapi? Kwenye madaftari yangu, miaka ishirini na sita, kwa mkono huu. Kompyuta ikasema ukoo wa ng'ombe wa bondeni ni mwembamba, haufai kuzalisha, mkakubaliana wauzwe wote. Nami wiki tatu nzima nikawa nanywa uji na kugeukia ukutani.

Ukoo ule si mwembamba. Ni mimi niliyekaza utepe wa kupimia.

Baba yetu alipotugawia mifugo, mtamba mwekundu niliyemlea kwa chupa tangu mama yake afe alimpa ndugu yangu. Tangu hapo kila ng'ombe wa uzao wa yule mtamba, ndio hao wa bondeni, alipoingia kwenye kibanio cha mbao, nilivuta utepe mpaka ukazama kwenye manyoya, nikasubiri atoe pumzi ndipo nikaandika. Sentimita tatu hapa, nne pale. Kimo nilimpimia upande ule sakafu ilipobonyea, aonekane mfupi. Kinyongo changu chote kimo kwenye madaftari yale, binti yangu, na kompyuta yako haina namna ya kujua. Imekisoma kama elimu. Mwaka juzi ulinijia na karatasi za machinjioni, ng'ombe wa bondeni wana kilo nyingi kuliko ulizotabiri, ukasema mzani wao una kasoro, baba yangu hakosei. Mzani haukuwa na kasoro. Siku ile ndiyo niliyopaswa kusema, aibu ikanishika ulimi.

Na wewe... nipeni maji kidogo. Wewe, mwanangu, kuna linaloniuma kuliko hilo. Aliyekuwa akinishikia kichwa cha ng'ombe nikipima ni baba yako. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwangu. Aliuona utepe ukizama. Alimpigapiga ng'ombe shingoni, akamleta mwingine, na jioni tukala pamoja. Miaka yote ile. Nilidhani ni mjinga. Alikuwa ananivumilia.

Basi lori lisije. Vipimo vyangu vya bondeni vifutwe vyote, nawe binti yangu usivionee huruma kwa kuwa ni vya baba yako. Mpime upya, wawili, mmoja avute, mwenzake asome, ng'ombe asimame sawa, utepe uguse tu, usibane. Anzeni leo. Anzeni na yule fahali mchanga wa bondeni, mleteni hapo uani... fungueni dirisha. Namba mzitaje kwa sauti. Nataka kuzisikia.

Msinilaumu... la, nilaumuni, ni haki yenu. Lakini msigawanyike. Mungu awape mikono ya haki, wanangu, mifugo yenu iongezeke, ya juu na ya bondeni. Nendeni. Nendeni sasa, bado nasikia.