Bi. Scholastica Asio Anaondoka kwenye Dirisha la Dawa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, Bi. Scholastica Asio anastaafu. Alianzia Mundika, akapelekwa Funyula, kisha akaja zahanati yetu hapa Malaba, ambako hatujamwona akikaa kitini kwa dakika kumi mfululizo.

Kila aliyepewa antibayotiki alihojiwa. Umekula? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Kichefuchefu au kuhara kidogo, alieleza, kunywa maji, umalize dozi. Midomo ikivimba, pumzi ikibana, ngozi ikitoka malengelenge, acha dawa urudi mbio. Foleni ilinung'unika. Yeye alirudia.

Miaka sita iliyopita, dereva wa lori aitwaye Opio alipewa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, ya kidonda cha mguu. Alimeza ya kwanza pale pale, akapiga gumzo kidogo mlangoni, akaondoka. Bi. Asio alihudumia watu wawili zaidi, lakini hakutulia: alikuwa amemwona akijikuna viganja.

"Ongodia, beba sindano ya adrenalini, twende!" aliniita.

"Na dirisha, madam?"

"Funga!"

Tulikimbia kando ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka, yeye akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Katika lori la tisa tulimkuta Opio ameegemea usukani, midomo imevimba, sauti imekwama.

"Mama, ni joto tu," alijikaza.

"Si joto. Ni dawa niliyokupa mimi."

Nilimdunga pajani. Baada ya dakika chache pumzi ilianza kumrudia, tukampeleka hospitali akalazwa.

Bi. Asio alipata barua ya onyo kwa kuacha dirisha. Aliisaini bila kubisha. Kilichomnyima raha ni kingine: Opio alikuwa amesahau kwamba sindano ya penisilini iliwahi kumvimbisha utotoni. Tangu hapo alimuuliza kila mgonjwa hata habari za utotoni, na kila mwenye mzio alimwandikia kadi ya kubeba mfukoni.

Jumatatu dirisha litakuwa la Winny, mrithi wake, ambaye Bi. Asio ameshampigia simu nne za maagizo. Sisi tunaobaki tuna wasiwasi, na hatuoni haya kusema: jicho kama lile halikabidhiwi kwa simu.

Asante, Bi. Asio. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwa mihogo yako ya nyumbani Busibwabo, na wajukuu wakukimbize sasa wao.