Bendera Iliyokuwa Juu ya Nyumba Yangu

Assalamu alaikum, wazee wangu, ndugu zangu. Mzee wa chama ameniambia niseme kidogo. Kidogo mimi sikijui, mwanifahamu.

Chuoni nilitoroka sijamaliza hata juzuu moja, nikawa hamali forodhani, magunia ya tende mabegani. Leo rikwama za kusukuma mizigo mnazoziona zikipita Ndia Kuu, ukiuliza ni za nani, utatajiwa mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Najisifu, ndiyo. Mngenisifu ninyi, ningenyamaza.

Basi nilipopata cha kula nikataka na heshima. Nikaunda ngoma ya beni kwa vijana wa mtaa wetu: nguo nyeupe, tarumbeta, vyeo kama vya jeshi. Jemadari mimi. Mshonaji mmoja Mgoa ndiye aliyetushonea bendera, nyeupe yenye nakshi, na huku akishona akanipa hadithi. Zamani sana, katika vita vya msalaba, walikuwako Manasara walioapa udugu, nusu mapadri nusu askari. Mkubwa wao alikuwa na amri moja: bendera ikisimama, hapana ndugu kuondoka vitani.

Nikamwuliza, "Na huyo mkubwa, mwisho wake ulikuwaje?"

"Alifia pale pale, bwana. Yeye na watu wake."

Ndugu zangu, nawaambia, mwenye akili angelishika hilo la mwisho. Mimi nilishika la kwanza. Nikawaapisha vijana: bendera ikisimama hakuna kuondoka, na wa kuamuru ishushwe ni mimi peke yangu.

Naona mtu anacheka kule nyuma. Cheka, ami. Wewe pia ulikuja kuitazama kofia yangu ya ujemadari.

"Ilikuwa kubwa kuliko kichwa!"

Wasema kweli, ami. Ilikuwa kubwa.

Siku ya mashindano tulikutana na wa mtaa wa pili uwanjani Makadara. Wakatutukana kwa nyimbo, tukawajibu, mawe yakaruka. Kisha wakaja askari na marungu. Wale wa mtaa wa pili wakatawanyika vichochoroni. Wangu wakasimama. Wanawake walikuwa kwenye sakafu za juu za nyumba, wanapiga vigelegele. Mshika bendera alikuwa sahibu yangu tangu siku za uhamali. Akanigeukia.

"Jemadari, tushushe?"

Nikatazama juu kwa wale wanawake. Nikasema, "Bado."

Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Rungu lilimpata kisogoni. Mimi nikafungwa Ngomeni, nikakaa, nikatoka.

Bendera vijana walikuwa wameiokoa. Nikaisimika juu ya nyumba yangu. Kwa nini, sijui. Sikulia. Mke wangu alijifungua, nikaambiwa ni mwana wa kiume, nikasema vyema, nikatoka kwenda kutazama rikwama. Halua naila kama natafuna mshumaa. Watu wakasema, yule ni mwanamume, ana moyo. Nikawaacha waseme. Na kila Ijumaa vijana wanakuja barazani pangu na nguo zao nyeupe, wanasimama. Wanasubiri. Mimi nawapita kama napita nguzo.

Alasiri moja akaja mama wa yule sahibu yangu, marehemu mshika bendera. Nikamwekea kiti, hakukaa.

"Mwanangu, u mzima?"

"Mzima, mama. Karibu."

"Bendera ile juu, ndiyo ile ile?"

"Ndiyo ile."

"Na ile amri yenu? Hamjaiondoa?"

"Bado, mama."

"Basi mwanangu ataondokaje?"

Nikapanda juu. Kamba ilikuwa imekakamaa kwa jua na chumvi. Nikaivuta, ikanichuna kiganja. Ikaniuma. Kilikuwa kitu cha kwanza kuniuma tangu Makadara. Nikasimama naitazama ile damu kama ya mtu mwingine. Kisha nikashuka na kitambaa. Mama akakipokea, akakikunja taratibu kama nguo ya mtoto, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Ameondoka."

Vijana barazani wakaangaliana, wakaenda zao mmoja mmoja.

Sitawadanganya kwamba niliamka nimepona. Ganzi ingaliko, siku nyingine hunijia asubuhi na kukaa kutwa. Lakini halua ya Idi hii ilikuwa na hiliki. Niliihisi.

Namshukuru mama yule, hakunilaani. Namshukuru Mgoa, aliyefumua nakshi za bendera asiniulize kitu. Nawashukuru ninyi wa chama hiki cha kuzikana, mlionipokea nikiwa mtu wa kubeba jeneza tu, sisemi. Kitambaa cheupe tunachofunikia jeneza letu ndicho kile. Wengi wenu hamkujua.

La kuwaachia ni hili, hasa ninyi mnaopenda vyeo. Kusema "simameni" hata mimi nisiyesoma niliweza. Ukitaka watu wakusikilize, ujue na neno la kuwaachilia, na ulitamke mapema. Ndiyo maana kila mkutano nawaomba kufunga nifunge mimi. Wale vijana wamo humu ndani, sasa wana mvi, na bado nawaona wananitazama.

Magharibi imekaribia. Ndugu zangu, ruhusa. Nendeni majumbani kwenu.