Shemeji Mwenye Kwato

Benchi la nje ya banda la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile ya Jumapili lilikuwa limebeba wafiwa. Msiba wenyewe wa filamu. Miaka ishirini walikuwa wameipenda ile ya mfalme na farasi wake, waliyoionea kwenye kibanda cha video, mtafsiri waliyempachika jina la Sauti akiwa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, anawatafsiria neno kwa neno. Jana ndiyo imeingia nyingine, ya kueleza mambo yalivyokuwa kabla mfalme hajawa mfalme. Waliiendea kwenye jumba jipya la sinema, wamepiga pasi mpaka soksi, wakarudi na nyuso za watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Sauti naye alikaa mwishoni mwa benchi, amejitenga na wenzake, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejua kosa ni la nani.

— Saa tatu nzima! alilalama Kinyozi. Moto, majoka, ngome zinaporomoka. Farasi yuko wapi? Anavuta mkokoteni!

— Wala hasemi kitu, alidakia Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili. Hata salamu!

— Na alivyorogwa hawajaonyesha, aliongeza Sindano. Si ndiyo hadithi yenyewe hiyo? Kaka yake malkia kageuzwaje farasi, jamani?

— Hela zote wamelisha majoka, alisema Kinyozi. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa hapo hiyo methali inaingiaje?

— Inaingia tu. Isukume.

Sindano akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali.

— Mimi nawaambia kuna kesi. Yule farasi wa kwanza alikuwa mtu kavalishwa ngozi. Mshono niliuona tumboni, tena wa mkono. Safari hii mwenyewe kagoma, wakaleta farasi kweli. Farasi kweli ataongea nini?

— Acha wewe! alipinga Kinyozi. Ukoo wa kifalme wa huko ndio umekataza. Nani anataka dunia ijue mjomba wao anakula majani? Mficha uchi hazai!

Dobi alikuwa amekaa katikati yao, mikono yake iliyokunjamana kwa maji imekumbatia kikombe.

— Mimi majoka wakae nayo, alisema. Nataka waniambie yale maneno ya farasi wameyapeleka wapi.

Kisha akafumba macho, akayasema, na wenzake wakamsindikiza kama wimbo:

— Shemeji ni shemeji, hata awe na kwato.

Sauti alitamani benchi limmeze. Mtaa mzima ulijua kwamba Dobi alitoka kibandani siku ile ya filamu ya kwanza na macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwa kaka wa mkewe, mtu ambaye hawakuwa wamesalimiana naye miaka saba. Asichokijua mtu ni kwamba Sauti hakuwa na lugha ya filamu ile hata ya kuombea maji. Kwenye mapigano alipita salama. Lakini mfalme alipomkumbatia farasi akalia dakika nne, watu wamejaa hadi dirishani wanamsubiri, afanyeje? Akampa farasi maneno, na maneno yakahitaji ukoo, akautunga nao.

Hapo ndipo alipofika yule dada wa duka la dawa, aliyehamia mtaani mwezi uliopita. Alichukua kahawa yake, akasikiliza kidogo, uso ukamkunjamana.

— Samahani, kaka zangu. Ile ya kwanza naijua vizuri. Huyo farasi, mlimwona akifungua mdomo?

Kinyozi akamgeukia Sindano.

— Alikuwa anaongea... kwa ndani, alisema Sindano, na mwenyewe akaona haya.

Vichwa vikageuka kimoja kimoja hadi mwisho wa benchi.

— Sauti, aliita Dobi taratibu. Farasi alisema?

— Hakusema, ndugu yangu. Ni mimi. Mfalme analia, na mimi sijui analilia nini.

— Na malkia? Na kurogwa?

— Vyote mimi. Nilitaka kukwambia, nikasikia mmeshapatana. Nikaogopa nitawaharibia. Nisamehe.

— Yaani mimi nimekwenda kupiga magoti kwa mtu mzima, kwa maneno ya kutunga!

Alisimama. Kinyozi na Sindano wakatazama chini. Dada wa watu akabaki na kikombe mdomoni, anajuta kuuliza. Sauti akangoja tusi, na moyoni akakiri kwamba lilikuwa halali yake.

— Shemeji anakuja Jumamosi, alisema Dobi. Anataka nimpeleke aione hii mpya. Tangu mwezi uliopita anamwongelea farasi tu, kama mtoto.

— Mwambie ukweli basi. Nitakuja mwenyewe nimwambie.

— Thubutu! Utakaa katikati yetu, umnong'oneze sikioni. Na ole wako farasi akae kimya.