Mfereji Tuliouchimba kwa Nyimbo

Benchi la kijiwe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, pale barabara inapoanza kushuka kwenda mtoni. Kitasa chake hakikung'olewa, na mgeni hukikalia mara moja tu maishani. Asubuhi hiyo Mayai, mfuga kuku wa mtaa, alifika amenuna. Alikuwa ameomba kibali cha kujenga banda kubwa kando ya mto, na ofisi ya mipango ilikuwa imemwambia asubiri. Kwake lile halikuwa banda tu. Binti yake wa pekee, aliyesomea mifugo mbali na nyumbani, alikuwa ameahidi: baba, ukipata banda la maana, narudi tufuge pamoja. Tangu mama wa binti afariki, Mayai alikuwa anakula peke yake, na upweke ulikuwa umemchosha.

— Kwani wamesemaje hasa? Fundi aliuliza, mkono mmoja ndani ya gurudumu.

— Eti kuna mwongozo mpya. Ukitaka kujenga banda karibu na mto, ueleze kwanza kinyesi kitakwenda wapi. Mimi naomba banda, wao wananiuliza habari za choo cha kuku!

Kijiwe kikaangua kicheko. Mayai hakucheka hata kidogo.

— Wanadai mto umezidiwa na rutuba.

— Rutuba tena? alidakia Mchicha, mwenye bustani ya mboga kule mlimani. Mimi kila msimu nanunua mbolea kwa bei ya kunitoa roho. Mto unapewa bure, halafu unalalamika?

— Lakini kweli umebadilika, alisema Bibi Birika, muuza kahawa wa kijiwe, huku akimimina. Umekuwa kijani, na unanuka.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka.

— Hicho ni kiwanda, alisema Fundi.

— Kiwanda gani? Huku kuna kiwanda?

— Kipo. Kiko chini ya ardhi, ndiyo maana hukioni.

— Acha zako! Mchicha akampuuza. Mto umezeeka tu. Wewe unaota mvi, mto unaota majani.

— Na samaki je?

— Wamestaafu.

Mayai aliweka kikombe chini. Alikuwa na lake tangu usiku, na sasa lilikuwa limeiva.

— Sikilizeni. Ni ofisi yenyewe. Wanakuja usiku, watu tukiwa tumelala, wanamwaga rangi ya kijani, wapate sababu ya kuninyima kibali.

— Rangi, mto mzima? aliuliza Bibi Birika. Ofisi yao yenyewe haijapakwa rangi tangu niolewe.

Mayai alitaka kumjibu, ila njia ya mtoni ilikuwa imemleta mwanamke mmoja mwenye mabuti ya mvua, utelezi wa kijani umemganda hadi magotini. Aliwaamkia, akaketi juu ya kitasa, akaruka, akacheka, akasogea. Bibi Birika akampa kahawa.

— Samahani jamani, alisema baada ya kunywa kidogo. Ule mfereji pale chini, unaoingia mtoni, unatoka wapi?

Fundi aliona ghafla kuwa nati moja ya gurudumu inahitaji kukazwa sana. Mchicha akachunguza kucha zake. Mfereji ule waliuchimba wao. Ua wa Mayai ulikuwa unajaa tope la kinyesi kila mvua ikinyesha, basi kijiwe kizima kikashika majembe, kikachimba kwa nyimbo toka banda lake la sasa moja kwa moja hadi mtoni, kisha kikala mayai ya kuchemsha mpaka yakaisha. Ua ukawa safi. Wakajisifu mwaka mzima.

Mayai akavua kofia. Angeweza kusema ni wa maji ya mvua tu. Akayatazama yale mabuti, akakumbuka binti yake akijifunza kuogelea palepale, akimrushia maji na kupiga kelele. Aibu ikamshika.

— Unatoka kwangu, mama.

— Kwetu, Fundi akamsahihisha bila kuinua uso. Tulichimba wote.

Mwanamke akasema anatoka ofisi ya mipango, na amekuja kuona mahali penyewe. Akawaeleza kwamba mvua husomba kile kinyesi hadi mtoni, majani ya majini yanashiba na kutanda, na samaki wanakosa hewa.

— Kwa hiyo banda ndiyo basi? Mayai aliuliza.

— Nani kasema basi? Tumekuuliza swali, hatukukukatalia. Lisogeze juu, mbali na ukingo. Kinyesi kikae juu ya saruji, chini ya paa. Ukingoni ziachwe nyasi na miti. Halafu kinyesi kichukuliwe na mtu mwenye shamba, kwa kiasi ambacho shamba lake linahitaji.

Wote wakamgeukia Mchicha.

— Mnaniangalia nini? Kisha akajishika kichwa. Yaani mbolea yangu ilikuwa inapita hapa ikienda mtoni? Na mfereji nikauchimba mwenyewe?

— Na uliimba, alisema Bibi Birika. Mie maji ya kahawa nayafuata kwenye bomba la mbali tangu mlipomaliza kuimba.

— Sasa mbona hukutuambia?

— Ningesema saa ngapi? Mlikuwa mnaongea.

Akainamisha birika. Likatoa tone moja, basi. Siku nyingine wangelalamika. Leo Fundi aliingia kibandani akatoka na majembe. Mayai alijitenga kidogo na simu yake.

— Mwanangu, banda itabidi lisogee juu. Kibali bado, lakini naona mwanga. Ila kwanza tunakwenda kuufukia ule mfereji wetu.

Binti akamdakia upande wa pili.

— Msiumalize, baba. Niachieni kipande changu. Nakuja na mabuti.

Mayai alirudi benchini akijifuta macho kwa kofia, akasema ni moshi wa jiko la kahawa. Jiko lilikuwa limezimwa kitambo, ila siku hiyo kijiwe kizima hakikubisha.